Nipe Mji

Huwezi kuushuka ujia wetu ukabaki na umri wako. Nalisema hili mwanzoni ili asitokee mtu akanikatiza katikati. Juu, unapoanzia barabarani penye ua wa minyaa, kila mtu ni mtoto: meno yana mapengo, magoti yana vumbi. Chini, unapoishia ziwani kwenye mawe ya kuanikia dagaa, kila mtu ni mzee. Katikati kuna kona, na kila kona ina umri wake. Ukienda kuchota maji unazeeka njia nzima. Ukirudi na ndoo kichwani unapungua miaka, na ndoo inazidi kuwa nzito kwa sababu shingo inazidi kuwa ya mtoto. Ndiyo maana maji yetu hufika juu nusu. Wageni hudhani tunamwaga kwa uzembe.

Aliyeuchora ujia huu si mtu. Ni kiboko. Alitoka ziwani kabla sisi hatujawa na majina, akapanda kutafuta majani, na kwa kuwa kiboko hana haraka wala hapendi kugombana na jiwe, kila alipokuta jiwe alilizunguka, kila alipokuta mkuyu aliupisha. Wanawake wakafuata nyayo zake na vyungu, mbuzi wakafuata wanawake, maneno yakawafuata wote. Kwa hiyo ujia wetu ni tumbo la mnyama lililoburutwa juu ya udongo, na kona zake ni heshima aliyowapa mawe na miti. Nikifikiri sana hapo huwa najiuliza: kama kiboko yule angekuwa na njaa kali zaidi siku ile, akapanda moja kwa moja, sisi tungekuwa akina nani? Mtu aliyezaliwa kwenye njia iliyonyooka anajuaje kwamba jiwe lina upande wa nyuma?

Kitendawili. Sema "tega," hata kama unasoma peke yako. Kusoma kimya si sababu ya kukosa adabu. Fundi wangu kichwa ndicho nyundo, na nyumba yake imeishinda ya chifu kwa ukubwa. Huyo ni ndege wa kona ya kwanza, anayekusanya vijiti na matope na vitambaa vilivyotupwa mpaka kiota chake kinaweza kumbeba mtoto. Hatumfukuzi, na tangu zamani tunaambiwa kwamba anayekibomoa kiota chake hupata upele. Kingine. Moshi wangu hauna moto, lakini ukiukaanga unashiba. Hao ni wadudu wa ziwani, wanaonyanyuka juu ya maji kama nguzo nyeusi. Tunawazoa kwa sufuria zilizopakwa mafuta, tunawafinyanga kama maandazi. Kingine tena. Babu yangu hana mdomo, ukimpiga anaitika mpaka visiwani. Hilo ni jiwe la mlio, pale kwenye kona ya mkuyu. Lina vishimo vilivyochimbwa na mikono isiyojulikana, na ukiligonga kwa kokoto linalia kama kengele. Hizo ndizo mali zetu. Huwezi kuzifungia sandukuni, na labda kwa sababu hiyo tulidhani haziwezi kuchukuliwa.

Umevipata vyote? Hukuvipata. Basi nipe mji.

Na hapo, katika hayo maneno mawili, ndipo msiba wetu ulipoingilia. Mtu akitega kitendawili mkashindwa, husema: nipeni mji. Mnautaja mji wowote mnaoujua, wa karibu au wa mbali. Yeye anaupokea, anasimulia alivyoufikia, alivyotandikiwa mkeka, alivyokula kuku mzima na paja la kuku wa jirani, kisha anasema amerudi, anatoa jibu, mnacheka, zamu inahamia kwa mwingine. Mji unabaki ulipokuwa. Sijasikia mji uliohama kwa sababu ya kitendawili. Lakini nikikoroga uji peke yangu nilikuwa najiuliza, tena tangu nikiwa msichana: wenyeji wa miji hiyo, nani aliwaambia kwamba tumewagawa? Labda siku fulani mwanamke wa huko mbali alihisi ubaridi mgongoni akiwa anachambua mchele, asijue kwamba ng'ambo ya milima kuna watoto wamemtoa yeye na nyumba yake na mchele wake kwa sababu walishindwa kujua kwamba jibu ni yai.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ujia, na hili nalisema nikiwa nimesimama, kwa kuwa nikikaa sauti hutetemeka.

Wanaofariki hawaondoki. Wanakomea. Kila mmoja hubaki kwenye kona ya umri aliokuwa nao, na kazi aliyokuwa nayo mkononi. Hawasemi. Ukipita unawasalimu, nao wanaendelea na kazi yao. Mwanangu Nyanjura alikomea kona ya jiwe la mlio. Homa ilimkuta hapo akiwa msichana aliyekwishajua kufunga kanga isilegee, mwenye kicheko kilichokuwa kinaniudhi wakati wa sala. Amekaa chini ya mkuyu, anasuka jamvi la mafunjo. Kila siku napita, na kila siku jamvi halijaongezeka wala kupungua. Na kwa kuwa kona ile ina umri ule, nikifika pale nami huwa msichana kama yeye. Mimi na mwanangu tunakuwa rika. Tungeweza kusukana nywele. Namwambia, "Habari za kazi?" Hainui uso. Nashuka.

Watu wote wa ujia huu wananiita Mama Nyanjura. Jina nililopewa na baba yangu limekufa zamani, hata mimi nikilisikia nageuka kutafuta anayeitwa. Kwa hiyo nikikuambia kwamba jina langu limekaa kwenye kona, chini ya mkuyu, linasuka jamvi, usidhani napamba maneno.

Siku hiyo nilikuwa chini kwenye mawe, nageuza dagaa, nikasikia naitwa.

"Mama Nyanjuraaa!"

Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto, kutoka juu kabisa. Ikaja inakimbia. Kwenye kona ya ndege ikapasuka kama ya mvulana anayebalehe, kwenye mkuyu ikawa nzito na nzuri, chini ya mkuyu ikaanza kukohoa, na ilipotokeza kwenye mawe ilikuwa ya jirani yangu Magafu, mwenye kipara, mkono kiunoni, pumzi hana.

"Vuta pumzi kwanza," nikamwambia. "Utakufa kabla ya habari."

"Tumeutoa."

"Mmetoa nini?"

"Ujia. Tumeutoa ujia, Mama Nyanjura."

Nikadhani jua limempiga. Nikamwekea maji kwenye kata, akanywa, akanisimulia huku akitazama vidole vya miguu yake.

Walikuwa juu, yeye na wenzake, wamekaa kwenye ua wa minyaa, wanategeana. Sisi wazee tunapenda kupanda kule, maana kule tuna magoti. Akaja mtu mmoja, akasimama barabarani ng'ambo ya mtaro, amejizungushia kamba begani. Hakuingia ujiani, kwa hiyo alibaki mtu mzima. Akaomba na yeye atege. Wakamwambia tega. Akatega.

"Kikatushinda," akasema Magafu. "Tukampa mji. Akasema haumtoshi, nipeni mwingine. Tukampa mwingine. Tukampa ile mikubwa yote, ile ya ng'ambo, ile ya kwenye Biblia."

"Na Yerusalemu mkampa?"

"Yerusalemu ilikwenda mapema sana."

"Ehe."

"Miji ikaisha. Na yeye amesimama pale, nipeni mji, nipeni mji. Tukaangaliana. Mimi nikasema..." Akafuta uso. "Si nilikuwa mtoto, jamani! Nilikuwa sina meno ya mbele! Mtoto ana akili gani?"

"Ukasema nini, Magafu?"

"Nikasema, chukua basi huu hapa."

Ziwa lilikuwa limetulia. Mnandi alikuwa amesimama juu ya jiwe ametanua mbawa akijianika. Nilimtazama huyo ndege kwa muda, nikimwonea wivu kwa kutokuwa na majirani.

"Akasimulia alivyoufikia?" nikauliza. "Alikula kuku?"

"Hakula kitu. Alifungua kamba akafunga ncha moja kwenye mnyaa wa kwanza. Anasema anaunyoosha. Anasema kona zinawapotezea watu wakati, atavuta kamba kutoka juu mpaka ziwani, na chochote kilicho nje ya kamba si njia."

Nje ya kamba. Nikaupanda ujia kwa macho ya moyo, kona baada ya kona. Kamba inayotoka kwenye minyaa kwenda majini moja kwa moja inaiacha kona ya mkuyu mbali, upande wa kushoto, kama mtu anavyoacha ganda la muwa. Na aliyekomea kwenye kona isiyokuwepo, amekomea wapi?

"Magafu. Jibu alilitoa?"

"Jibu gani?"

"La kitendawili, mwanaume wewe! Alitoa jibu?"

Akafikiri. "Hapana. Hakutoa."

"Na mimi nilikuwepo?"

"Wewe ulikuwa huku na dagaa wako."

"Nilisema chukua?"

"Utasemaje na hukuwepo?"

"Basi hajamaliza mchezo," nikasema, nikajifunga kanga kiunoni. "Mji haupokelewi kama yupo mwenyeji ambaye hajaulizwa. Twende."

Nimeishia darasa la nne, lakini darasa la nne linatosha kumjua mtu anayeuliza akiwa amekaa na mtu anayejibu akiwa amesimama. Nilipokuwa nikipanda nilifikiri jambo hilo. Mwalimu alikuwa anauliza, na majibu yalikuwa yamechapwa nyuma ya kitabu chake. Sisi vitabu vyetu kurasa za nyuma zilikuwa zimechanwa. Tulidhani anajua kutushinda. Kumbe alikuwa na kurasa nyingi kutushinda. Je, nguvu ni hiyo? Kuwa na ukurasa wa mwisho? Na akija mtu ambaye kitabu chake nacho hakina ukurasa wa mwisho, lakini anauliza tu, kwa sauti ile ile, amekaa pale pale alipokuwa anakaa mwalimu, sisi tutajuaje?

Hatutajua. Tutatoa miji.

Napanda. Mgongo unanyooka. Kikohozi kinabaki nyuma kama mbwa aliyechoka kufuata. Kona ya wajane, nawasalimu. Kona ya kina mama wenye watoto mgongoni, nawasalimu. Titi langu linajaa, linapungua, linasimama. Kwenye bwawa la matete fisi maji anachungulia, ananiona nikiwa mama, anazama, anaibuka, ananiona nikiwa msichana, hashangai. Wanyama wa huku wamezoea.

Ujia unazo hila zake. Akili huufuata mwili nyuma nyuma. Ukitembea bila kutua, utafika na akili uliyotoka nayo. Lakini ukikaa kitako mahali, umri wa mahali hapo nao unakukalia. Akina Magafu walikaa juu, ndiyo maana walitoa Yerusalemu. Mimi sikuthubutu kufika juu. Niliogopa nisije nikafika pale nikawa kitoto kinachopenda sifa, nikamwambia yule bwana achukue na ziwa lenyewe. Nikasimama kona ya mkuyu. Nyanjura alikuwa amekaa mahali pake, kichwa chini, vidole vikipita katikati ya mafunjo.

"Habari za kazi?" nikamwambia.

Vidole vikaendelea kusuka.

Nikaokota kokoto nikaligonga jiwe.

Likalia. Sauti ikapanda mpaka barabarani, nikaligonga tena, na tena, kama anayebisha nyumba ambayo anajua wenyewe wamo. Magafu alikuwa nyuma yangu, kijana mwenye nywele nyeusi tii na kifua cha mpiga kasia, bado anakohoa kwa mazoea.

"Nani anagonga?" ikauliza sauti ya mtu mzima kutoka juu.

"Ambaye hujamuuliza!" nikajibu. "Shuka!"

Bwana Kamba akaingia ujiani. Nilimwona kwa mbali akivuka mtaro na kuwa mtoto papo hapo. Suruali ikamdondoka. Akaikamata kwa mkono mmoja, kamba kwa mkono wa pili, akatazama huku na huku kama mtoto aliyeachwa sokoni, lakini hakugeuka. Hilo nampa sifa. Akaja akiiburuta kamba, akikua kila hatua, na alipofika kwetu alikuwa kijana, suruali imemkaa, ndevu zinachomoza.

"Shika..." akaanza kuniamkia, akaona mbele yake msichana wa rika lake, akaimeza salamu iliyobaki. "Mambo, dada."

"Mimi ni bibi yako."

"Samahani, bi... dada."

Magafu akacheka mpaka akashika magoti.

"Nasikia unanyoosha," nikasema.

"Ndiyo. Nimepewa, na mashahidi wapo." Alikuwa na adabu, sauti yake haikupanda. Ningependelea apige kelele. "Sina ugomvi na mtu. Anayetoka barabarani anataka ziwa. Kwa nini azunguke jiwe? Kwa nini auzunguke mti, azunguke ndege, azunguke watu waliokaa tu? Nikivuta kamba hii, atafika mara moja."

"Atafika akiwa nani?"

"Sijaelewa."

"Kule chini kuna uzee, baba. Unamchukua mtoto barabarani unamtua kwenye uzee mara moja, hajabalehe, hajapenda, hajagombana na mtu, halafu unadai umemsaidia? Nani amekwambia tuna haraka ya kufika?"

Akagusa ndevu zake mpya. Nikaona amezihisi. Kisha akauondoa mkono kama aliyeshika kitu cha wizi.

"Hayo hayamo kwenye kamba yangu," akasema.

Kweli hayamo. Niliitazama ile kamba. Kamba inajua mahali pawili tu, ilipofungwa na inapovutwa. Katikati haijui kitu, inapita juu ya kila kitu kwa unyoofu ule ule, juu ya kichuguu na juu ya kaburi na juu ya mwanamke anayejifungua, na ukiiuliza umeona nini, itakwambia urefu. Sikuichukia. Kamba ndiyo iliyofungia mbuzi wangu wote. Lakini ikipewa nchi itawale, itatawala hivyo.

"Nitegee," nikasema.

"Kitendawili."

"Tega."

"Changu si changu, nikikupa unakosa, nikikunyima unacho."

Kizuri. Lazima niseme ukweli, kilikuwa kizuri, kilinisisimua nyuma ya shingo. Nikakizungusha mdomoni.

"Jina," nikasema.

"Siyo."

"Mlio wa jiwe."

"Siyo."

"Furu. Wale samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa wamejaa pale kwenye mawe, tukawaacha wakaliwa na sangara."

"Siyo."

"Njia ya kiboko. Usingizi. Kivuli cha mkuyu ng'ambo ya maji. Kamongo aliyejizika matopeni akisubiri mvua."

"Siyo, siyo, siyo, siyo."

"Mwana," nikasema, na sikumtazama Nyanjura.

"Siyo."

Nikagundua jambo. Alikuwa anasema siyo kabla sijafunga mdomo. Neno langu na neno lake yalikuwa yanagongana njiani.

"Hunisikilizi," nikasema.

"Si lazima nisikilize."

"Sasa unajuaje kwamba siyo?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowanisha. "Kwa sababu mimi ndiye ninayetega."

Ndilo hilo. Nimeishi kona zote za ujia huu nikilitafuta hilo neno, na alinipa bure mtu ambaye hata hakujua kwamba amelisema. Hakuwa na jibu. Hajawahi kuwa nalo. Hakulihitaji. Miji yote ile, na minara yake na visima vyake na akina mama wanaochambua mchele, imekwenda kwa mtu aliyejifunza nusu ya mchezo.

Miguu yangu ikaanza kuniuma. Kusimama muda mrefu kwenye umri mmoja si kazi ndogo. Umri wenyewe unakushika kanga, unakwambia kaa, dada, kaa upumzike. Kulikuwa na kivuli kizuri. Kulikuwa na msichana mmoja pale chini anayesuka jamvi kwa ustadi, nikafikiri, huyu ni mtoto wa nani, ana mikono mizuri, ningependa awe rafiki yangu. Nikafikiri hivyo! Mimi! Nikajifinya paja, nikalitaja jina kwa sauti.

"Nyanjura. Nyanjura. Nyanjura."

"Siyo," akasema Bwana Kamba.

"Hilo sikukujibu wewe."

"Umeishiwa, bibi. Nipe mji."

"Sitoi."

"Asiyejibu na asiyetoa mji amevunja mchezo. Mchezo ukivunjika, kilichotolewa kimetolewa." Akakunjua kamba begani akairusha mbele, kuelekea ziwani. Ikaruka juu ya jiwe, ikachora hewani mstari ulionyooka ambao ujia wetu haujawahi kuuona, ikaanguka. Ikaangukia juu ya jamvi la mwanangu.

Nikaikanyaga. Miguu yote miwili. Akaivuta, ikaniunguza nyayo, nikabaki juu yake.

"Toka, dada, utaanguka."

"Nianguke."

"Mama Nyanjura," akasema Magafu, "mshike mkuyu, nitamshika yeye."

"Usimguse mtu. Hii si vita ya mikono."

Ilikuwa ya nini basi? Sikujua. Nilijua tu kwamba kamba ikinyooka mpaka ziwani nitashuka kesho na ndoo nikakute majani yaliyofyekwa, na watu wakiniita Mama Nyanjura itakuwa kama wanaita mtaa uliobomolewa. Nilikuwa msichana mwembamba juu ya kamba, mzee ndani ya msichana, na sikuwa na jibu jingine hata moja. Kamba ikaanza kuteleza chini ya vidole vyangu.

Ikasimama.

Haikusimama kwa uzito wangu. Nikatazama chini. Juu ya kamba, katikati ya jamvi, kulikuwa na mkono.

"Mbona mimi hujaniuliza?"

Sauti ilikwaruza kama mlango wa ghala uliofungwa misimu mingi. Magafu akaweka kiganja mdomoni. Nyanjura alikuwa ameinua uso. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi, la siku alipoanguka kwenye mawe akikimbiza kenge.

"Huyu naye nani?" Bwana Kamba akauliza.

"Mwenyeji," akasema Magafu. "Hakuwa juu tulipokupa. Hakusema chukua. Mimi nilisema, yeye hakusema. Muulize, bwana, ni zamu yake, na akimaliza yeye utawauliza wa kona nyingine, maana ujia mzima huu una watu ambao hukuwauliza."

Bwana Kamba alinitazama, akamtazama Magafu, akautazama ujia unavyopinda na kupotea. Kwa mara ya kwanza nadhani aliwaona waliokaa. Lakini alikuwa mtu wa mchezo, hata kama ni wa nusu mchezo.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Changu si changu, nikikupa unakosa, nikikunyima unacho."

"Rudia. Sikusikia vizuri."

Akarudia, polepole. Nyanjura akaliweka chini funjo alilokuwa ameshika, akapangusa mikono kwenye kanga, akaegemea mkuyu.

"Nafikiri," akasema.

Nikainama, nikasogeza mdomo karibu na sikio lake, sikio nililolitoboa mwenyewe kwa mwiba. "Nyanjura, mwanangu, labda ni..."

"Mama," akasema, bila kugeuka, kwa ile sauti ya kuudhika ya wasichana wote wa umri huo, "usininong'oneze."

Nikainuka. Ameniita mama. Amenigombeza.

Bwana Kamba akangoja. Ndege akapita na kijiti. Wadudu wakanyanyuka ziwani, nguzo nyeusi, wakatawanyika.

"Utafikiri mpaka lini?" akauliza.

"Wewe kukitunga ulitumia muda gani?"

Akatafuta mahali pa kuegemea, akaona jiwe la mlio, akaegemea, kisha, kidogo kidogo, kama watu wote wanavyofanya wakiwa wanamngoja mtu mwingine, akakaa.

Ilibidi niondoke. Ningebaki, ningekaa nami, na ningekaa ningemsahau mwanangu nikiwa mbele yake. Nikamwacha Magafu pale asimame shahidi, nikashuka. Kona iliyofuata nilikuwa na umri wa kumzaa. Nyingine, wa kumzika. Nyingine, wa kusimulia. Huko juu nikamsikia Bwana Kamba akiuliza kama amepata, na yule msichana akamjibu, bila haraka hata kidogo:

"Bado nafikiri."